Shajara ya mradi: maelezo ya watoto viziwi wanaoomba hifadhi, Dar es Salaam

Januari

Tumepata chumba. Kipo Ilala, nyuma ya ofisi ya shirika lililosajiliwa kutoa msaada wa kisheria. Wametuazima kwa Jumamosi tu: feni moja, meza mbili, mlango unaofungika. Hilo la usajili lina uzito wake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka huduma hii itolewe chini ya mtoa huduma aliyesajiliwa, na ndiyo iliyowapa nafasi rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili lakini wanaojua nyumba gani ina wageni na wageni hao wanamwogopa nani.

Tuko mawakili wachache wa kujitolea, wasaidizi wa kisheria wa Buguruni na Kiwalani, dada yetu mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, na fundi cherehani ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Fundi alisoma Tabora, kwenye shule ya viziwi iliyofunguliwa mwaka 1963, ya kwanza nchini. Alikuja kwa sababu mkalimani alimwomba aje kutusalimia. Hajaondoka mpaka leo.

Kazi tuliyojipa: familia za Kikongo na Kirundi zilizoko jijini, zenye mtoto kiziwi, ambazo hazijaomba hifadhi ya ukimbizi au ziliomba zikakwama. Tutaandaa maelezo yao, tutakusanya vielelezo, tutawasindikiza kwenye mahojiano pale watakaporuhusu. Hatuwatafutii kazi wala nyumba. Nayaandika haya kwa ajili ya mawakili na wakalimani wengine watakaotaka kufanya kitu kama hiki Mwanza, Kigoma au popote. Visa vya familia nimevichanganya na kubadilisha umri na mahali. Jamii ya viziwi ni ndogo, watu wanatambuana haraka.

Februari

Akina mama wanaokuja wana sababu inayofanana ya kufika Dar: mtoto. Mmoja alivuka Ziwa Tanganyika kwa boti kutoka upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo, akashuka Kigoma, akasikia kwamba Dar kuna shule ya viziwi Buguruni na kuna hospitali ya Muhimbili, akapanda basi mpaka Mbezi. Hakupita kambini. Kwa akili ya mzazi, kosa liko wapi? Kwa sheria, ana mambo mawili ya kujibu.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyochukua nafasi ya ile ya 1965, inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze mara anapoingia, au ndani ya siku zisizozidi saba, kwa afisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (cheo cha kimahakama, si askari). Siku saba zinamwishia mtu akiwa bado anatafuta mahali pa kulaza watoto. Halafu sheria hiyohiyo inatenga maeneo ya wakimbizi kuishi, kwa mfano Nyarugusu wilayani Kasulu, na anayetoka nje ya eneo hilo anahitaji kibali. Mkongo anayeuza vitenge Kariakoo bila karatasi anaweza kuwa mkimbizi kamili kwa yaliyomkuta, na papo hapo akawa mtu anayeweza kukamatwa.

Kuchelewa hakumwondolei mtu ukimbizi. Mwongozo wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wa mwaka 1979 uko wazi kwamba mtu huwa mkimbizi tangu pale anapotimiza sifa, na uamuzi wa serikali unakuja kuitambua hali hiyo, hauiumbi. Ila kuchelewa kunampa afisa swali lake la kwanza, na lazima jibu liwe kwenye maelezo kabla halijaulizwa. Alikuwa wapi, aliambiwa nini na nani, kwa nini aliamini.

La pili tunalisema siku ya kwanza, kabla ya kuchukua jina: ukijiandikisha, upo uwezekano mkubwa utaelekezwa kambini Kigoma. Kibali cha kuwa nje ya kambi kinaweza kuombwa, na matibabu ni sababu inayoeleweka, lakini hatuahidi. Mdogo wetu mmoja, wakili mpya, alipendekeza tulisogeze hilo mpaka kikao cha pili, watu wasitishike. Nilikataa. Mwenye kujitolea anayeficha hilo ni heri abaki nyumbani kwake. Mama mmoja alisikiliza, akashukuru, akambeba mwanawe mgongoni, akaondoka na hajarudi. Ni haki yake. Msaidizi wa kisheria wa mtaa wake anajua pa kumpata akibadili mawazo.

Pia tumelazimika kufuta uvumi kwamba ombi la hifadhi hapa ni foleni ya kwenda Marekani. Uvumi huo una nguvu kuliko sisi. Tunausema, wanatikisa kichwa, wiki inayofuata wanauliza tena.

Machi

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kijana, tuseme ana miaka kumi na miwili. Mama anatoka Fizi, anazungumza Kibembe na Kiswahili cha kwao. Alitusimulia ugonjwa kwanza: homa kali, shingo ngumu, mtoto wa miaka mitano. "Alilala muzima, akaamuka hasikie tena." Hakuwahi kwenda shule ya viziwi. Nyumbani wana alama zao wenyewe: kula, kulala, maji, mdogo wake, askari, njoo, kaa kimya. Kwa familia zinatosha. Kwa mahojiano ya hifadhi hazitoshi hata dakika tano.

Maelezo ya mama yalikuwa mafupi. Waliingia usiku, nyumba zikachomwa, baba wa watoto alikuwa shambani na kijana, hakurudi, kijana akarudi peke yake. Wakafuata ziwa. Tukamuuliza kijana aliona nini huko shambani. Mama akamfanyia alama mbili tatu, kijana akarusha mikono kwa muda mrefu, uso wote ukifanya kazi, mwili ukijikunja. Mama akatugeukia: "Anasema waliogopa."

Sikumlaumu mama. Hakuwa anaficha, hizo ndizo alama alizonazo, na hakuna alama ya nyumbani waliyowahi kuihitaji kwa jambo lile. Lakini kwa utaratibu wa kawaida karatasi ingesomeka hivyo: mtoto kiziwi, hawezi kujieleza, maelezo yametolewa na mama. Mafaili ya namna hiyo nimeyaona mengi, na zamani yalinipita bila kunishtua.

Fundi alikuwa pembeni anasubiri zamu ya mtu mwingine. Akasogea bila kuitwa, akakaa mkeka mmoja na kijana. Dada yetu mkalimani anaijua Lugha ya Alama ya Tanzania kwa ufasaha, ila ni mtu anayesikia, na kwa kijana asiye na lugha yoyote ya alama iliyokamilika ufasaha huo haukuwa na pa kushika. Fundi ameishi maisha yake yote akielewana na watu wasiojua alama zake: wateja, makondakta, wauza mitumba. Alianza na kalamu, viberiti na vifuniko vya soda. Asubuhi nzima hakuuliza chochote cha vita. Waliongea mpira, boti, samaki, mbwa.

Mlolongo wetu tangu siku hiyo ni huu: kijana kwa Fundi, Fundi kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, dada mkalimani kwa Kiswahili, wakili anaandika. Swali linarudi kwa njia ileile. Ni polepole mno. Kikao cha wakili mwenye haraka hakiwezi kuishi hapo.

Baada ya Jumamosi kadhaa kijana alichora barabara, mti umelazwa katikati, watu wenye bunduki. Mtu mzima mbele, mtoto nyuma na dumu kichwani. Yule wa mbele alisimama. Wa nyuma aliendelea kutembea. Hapo tulielewa wote kwa pamoja, kabla hajamaliza: waliamriwa kusimama, na yeye hakusikia. Baba aligeuka kumkimbilia. Kijana hakuusikia mlio. Alimwona baba akianguka.

Mama alikuwa chumbani. Kwa muda wote huo aliamini mumewe alikutwa shambani. Tulifunga kazi siku ile, na msaidizi wa kisheria wa mtaa wao alikwenda nao nyumbani.

Kisheria mambo yamebadilika. Kijana aliyeandikwa kama mzigo wa ombi la mama ndiye shahidi wa pekee wa tukio lenyewe, na uziwi wake uko ndani ya tukio. Penye vizuizi vya wenye silaha, asiyeitikia amri huhesabiwa mkaidi au jasusi, na hilo litamkuta tena kesho akirudishwa.

Machi, mwishoni: namna tunavyoandika

Nimekataza maelezo ya aina ya "Mimi nilikuwa nikitembea na baba yangu ndipo tulipoamriwa." Kijana hajasema hivyo, na afisa makini atajua hajasema hivyo, halafu atatilia shaka hata yaliyo kweli. Tunaandika alichofanya: amechora hiki, ameigiza hiki, mkalimani kiziwi amekielewa hivi, tumekihakiki kwa njia hii. Michoro inaambatishwa, na vikao vinarekodiwa kwa video kwa idhini ya mama na ya kijana mwenyewe.

Kuhakiki ni ufundi wa Fundi, si wetu. Anaigiza kisa kwa makosa ya makusudi: baba nyuma, mtoto mbele. Kijana akimkamata mkono na kumpanga upya, tunaandika. Asipopinga, tunaacha. Maana kuna jambo ambalo kila anayefanya kazi na watoto viziwi analijua na mawakili wengi hatulijui: mtoto aliyezoea kutoelewa huitikia kwa kichwa chochote anachoulizwa ili watu wazima waridhike. Ukiuliza "walikuwa askari?" atakubali. Ukiuliza "hawakuwa askari?" atakubali vilevile. Kichwa kimetikisika, nawe umeandika uongo kwa nia njema. Sasa hatuna swali la ndiyo au hapana kwenye karatasi zetu.

Tarehe nazo zimetusumbua. Fomu inataka mwezi na mwaka. Kijana ana embe, mvua, na mdogo wake aliyekuwa bado hajaanza kutembea. Tunaanzia hapo, mama anatupa mwezi aliozaliwa mdogo, tunapata kipindi, tunaandika kipindi. Hatubuni tarehe ili fomu ipendeze.

Aprili

Masika. Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa, mwendokasi haupiti. Waliotoka Magomeni wameshindwa kufika. Tumeahirisha, tukapanga mafaili.

Katika siku hizohizo amekuja msichana wa Kirundi aliyewahi kusoma shule ya viziwi kwao. Huyu ana lugha, tena anayo nyingi. Alama zake zina asili ya Marekani. Chanzo kinaelekea kwa Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, aliyehitimu Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Marekani, mwaka 1954, akaanza kazi Ghana mwaka 1957, na kwa miongo mitatu akasaidia kuanzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, za Kifaransa zikiwemo, mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Ndiyo maana msichana wa Bujumbura anaweza kuelewana na kijana wa Kinshasa kwa urahisi kuliko na jirani yake wa hapa Buguruni.

Dada mkalimani alimpata nusu. Fundi alimpata zaidi, na baada ya wiki tatu walikuwa wanataniana. Lakini nusu ni hatari kuliko sifuri, kwa sababu inafanana na kuelewa. Alama moja ya kwao kwenye mkono wa Mtanzania ilisomeka "jela", kumbe alimaanisha "kambi". Ingeingia kwenye maelezo, angeulizwa alifungwa lini na kwa kosa gani. Sasa kila mwomba hifadhi aliyesoma kwingine anapata kikao kizima cha kulinganisha alama kabla ya swali lolote la kesi.

Mei

Vielelezo. Tulidhani kipimo cha usikivu kutoka hospitali kingekuwa rahisi. Ni foleni, nauli, na mama asiye na kitambulisho anayeogopa dirisha la mapokezi. Tunakwenda nao. Jambo nililojifunza ni kuzungumza na daktari kabla hajaandika. Cheti kinachosema "uziwi mkubwa masikio yote mawili" ni kweli na hakitusaidii sana. Tunachohitaji ni mistari miwili zaidi: kwamba hawezi kufuata maneno kwa kusoma midomo, na kwamba kutojibu kwake kusichukuliwe kuwa ni ukaidi. Madaktari tuliowaeleza sababu waliiandika bila ubishi.

Barua kwa maafisa imepita rasimu nyingi. Sasa ina ukurasa mmoja. Inataja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ibara ya 13 kuhusu kuifikia haki, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inataja ibara ya 22 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, inayomlinda mtoto anayeomba hifadhi awe na wazazi au peke yake. Halafu inaomba vitu vya kawaida kabisa: wakalimani wawili, mmoja wao kiziwi, mama awepo chumbani lakini asiwe mkalimani, muda mara mbili, mapumziko, kwa sababu macho yanachoka kuliko masikio, na kijana asikae akitazama dirisha lenye jua. Hilo la dirisha lilimchekesha afisa mmoja, akainuka mwenyewe akageuza kiti. Tangu hapo mahojiano yale yalikwenda vizuri.

Si wote walio hivyo. Kwenye ofisi nyingine tuliambiwa mama anatosha kutafsiri, yeye si ndiye aliyemzaa? Tuliandika pingamizi letu kwenye faili kwa adabu na tukaendelea. Pingamizi lililoandikwa lina kazi baadaye. Ugomvi wa kwenye korido hauna.

Mei, nyongeza kuhusu msingi wa ombi

Mawakili wenzangu walitaka tujenge kila ombi juu ya uziwi wenyewe: watoto viziwi kama kundi maalumu la kijamii linaloteswa, moja ya sababu za ukimbizi katika sheria ya kimataifa. Wamesoma kesi za Marekani. Huko mwombaji ana mwaka mmoja tangu kuingia ili awasilishe ombi, na vita peke yake havitoshi, kwa hiyo wanalazimika kubishana kuhusu makundi. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya huko ilikubali kwamba watoto wenye ulemavu wa Urusi na wazazi wanaowalea wanaweza kuwa kundi la namna hiyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ile. Kwa mtu wa huko ni mapambano ya lazima.

Sisi tuna mlango mpana zaidi na sioni sababu ya kupita dirishani. Sheria yetu ya 1998 imechukua pia tafsiri ya Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa mwaka 1969: anayekimbia vita, uvamizi au matukio yanayovuruga vibaya amani katika sehemu au nchi yake yote ni mkimbizi. Kijana wa Fizi anaingia hapo moja kwa moja. Uziwi wake tunauandika kama sababu ya hatari kuwa kubwa zaidi kwake, na kama sababu ya utaratibu kubadilika. Msingi wa kundi tunaubakiza kwa wale wanaouhitaji kweli, kama yule mtoto ambaye kwao alisemwa ana mapepo, akafungiwa, na mama akapigwa kwa kukataa kumpeleka alikotakiwa kupelekwa. Huko hakukuwa na vita. Kulikuwa na ukoo na kijiji, na viongozi waliofuatwa wakakaa kimya. Ombi hilo ni gumu na linahitaji kila saa tuliyoiokoa kwa wengine.

Tumebishana mpaka jioni. Wawili bado hawakubaliani nami.

Juni

Fedha. Tumepata mchango mdogo na swali likawa nani alipwe. Jibu langu ni moja: wakili ajitolee, mkalimani alipwe, na mkalimani kiziwi alipwe sawasawa na anayesikia. Wakili akishinda Jumamosi Ilala, Jumatatu ana wateja wake. Fundi akifunga kibanda Jumamosi, siku ya wateja wa harusi, amepoteza pato la wiki. Kuna aliyesema kwamba viziwi wanapenda kusaidiana, hawatataka hela. Fundi alitafsiriwa kauli hiyo akauliza kama mawakili hawapendani.

Tumefanya pia mafunzo ya usiri. Mkalimani anajua siri za watu wanaokutana naye kanisani na kwenye vikao vya viziwi, kwa hiyo tumetia saini sote. Na tumekaa siku nzima kutafuta namna ya kueleza kwa alama mambo kama hifadhi, ushahidi, kurudishwa kwa nguvu. Hatukubuni alama mpya, hatuna mamlaka hayo. Tumetengeneza visa vidogo vya kuigiza, na vinaeleweka hata kwa kijana wa vifuniko vya soda.

Julai

Ombi la familia ya Fizi limewasilishwa na kijana amehojiwa, Fundi akiwa ameketi mbele yake kwa saa zote. Afisa aliangalia michoro muda mrefu, akauliza swali zuri: dumu lilikuwa na nini? Kijana akajibu mwenyewe kwa kuigiza, moja kwa moja kwa afisa, mafuta ya mawese. Sasa liko kwenye hatua ya Kamati ya Taifa inayopitia maombi na kumshauri Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Tunasubiri. Msichana wa Kirundi bado. Karatasi zake za shule tumeziandikia barua, hazijajibiwa.

Kusubiri kuna gharama ambayo haionekani kwenye faili. Sheria ya Wakimbizi inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi, lakini mtoto kiziwi asiye na lugha haoni faida ya dawati ambalo mbele yake mtu anachezesha midomo. Kwa hiyo Jumamosi, mawakili wakiwa ndani, Fundi na vijana wawili viziwi wa Buguruni wanakaa barazani na watoto, na siku hizi mama zao pia, wanafundishana alama. Haikuwa kwenye mpango. Imekuwa sehemu ya kesi, maana mtoto mdogo aliyekuja Februari bila alama hata ishirini sasa anaweza kusema nani, wapi, kabla, baada. Mahojiano yake tumeomba yaahirishwe kwa sababu hiyohiyo, na barua tumeiandika hivyo bila kuzunguka.

Yanayotakiwa Agosti: mkalimani anayejua Kirundi na Kiswahili kwa ajili ya wazazi, wakili mmoja mwenye uvumilivu wa Jumamosi nzima, karatasi kubwa za kuchorea, na mtu wa kwenda Kigoma kuonana na wasaidizi wa kisheria wa kambini ili familia zikihamishiwa huko zikute faili limeshafika.

Na kalamu za rangi. Nyekundu zimeisha zote.